Saikloni ya plastiki, ya kaboni au ya bati: ipi itakuondolea shoti karakanani?

Agosti ya Dodoma hewa hukauka mpaka blanketi linatoa cheche gizani. Karakanani fundi anapiga msasa mlango wa MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Mashine ya msasa imeungwa kwenye kivuta vumbi, na katikati imesimama saikloni ya plastiki, chombo chenye koni kinachozungusha vumbi litengane na hewa, juu ya ndoo ya lita 20. Dakika kumi baadaye anainama kutazama ndoo imejaa kiasi gani. Kidole hakijafika, cheche imesharuka.

Mimi ilinikuta pabaya zaidi. Nilikuwa nafyonza unga wa mbao juu ya meza ya msumeno, diski haijasimama kabisa, mkono wa kushoto umeshika mpira wa kivuta vumbi. Kiwiko cha kulia kilipogusa chuma cha meza, shoti ikanipiga na mkono ukaruka wenyewe. Diski ilikuwa umbali wa shubiri. Sikukatika, lakini tangu siku hiyo siwezi kuziita shoti hizi kero ndogo ya kuvumilia. Umeme wenyewe hauna nguvu ya kukuua. Mkono unaoruka bila ruhusa yako mbele ya meno ya msumeno ndio unaoweza kukuachia kilema.

Ulinganisho huu ni wa fundi anayetaka kununua saikloni, au aliyekwisha kununua na sasa anapigwa. Chaguo ni nne: plastiki ya kawaida, plastiki hiyohiyo iliyofungwa waya au tepu ya alumini, plastiki nyeusi iliyochanganywa na kaboni, na ya chuma. Nitangulize jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: saikloni ni pingili moja tu ya mnyororo unaoanzia kwenye mashine ya msasa na kuishia ardhini. Ukinunua pingili ya dhahabu na zilizobaki zikawa za uzi, utaendelea kupigwa.

Chaji inazaliwa wapi

Vitu viwili tofauti vikigusana na kuachana, kimoja hubaki na elektroni za ziada na kingine hupungukiwa. Ndani ya mpira wa kivuta vumbi hilo hutokea mara nyingi mno kwa sekunde, maana kila punje ya unga wa mbao inagonga ukuta na kuruka. Katika saikloni ni zaidi, kwa kuwa kazi yake yote ni kuzungusha vumbi kwa kasi huku likisugua ukuta, hadi lipoteze mwendo na kuporomoka ndooni. Msuguano uleule unaotenganisha vumbi na hewa ndio unaozalisha chaji. Haiwezekani kuwa na saikloni isiyozalisha. Tofauti zote tutakazolinganisha ziko kwenye swali la pili: ikishazaliwa, inapita wapi?

Kwenye plastiki ya kawaida haipiti popote. PVC, polietilini na polipropilini ni vihami, kwa hiyo chaji inakaa palepale ilipozaliwa na kurundikana. Hewa kavu huvunjika na kutoa cheche kwenye kiasi cha volti 3,000 kwa kila milimita. Ukiona cheche ya milimita tatu kati ya kidole na ndoo, ujue ulikuwa mbele ya volti 9,000 hivi. Mwili wa binadamu huanza kuhisi shoti ya namna hii kwenye volti 2,000 au 3,000. Chini ya hapo chaji inaweza kuwepo na kukutoka bila wewe kujua.

Vumbi lenyewe lina mchango wake. Maranda ya randa ni mazito na makubwa, hayasumbui sana. Unga wa msasa ndio wenye shida, na wa MDF unaongoza, kwa sababu ni mwembamba na mkavu kupita mbao nyingi. Msonobari uliokaushwa kwenye tanuri unafuata. Mninga uliokatwa juzi, bado una maji, hautakupa taabu hata kidogo.

Na kuna hali ya hewa. Unyevunyevu ukipita asilimia 60 hivi, utando mwembamba sana wa maji hujipaka juu ya plastiki na chaji hupata pa kutiririkia. Ndiyo maana fundi wa Keko, Dar es Salaam, au wa Mombasa, anaweza kutumia saikloni ya plastiki miaka mitatu asijue tunalalamikia nini. Mwenzake wa Dodoma, Singida au Iringa anaijua kila kiangazi. Nairobi huwa mbaya Januari na Februari, hasa alasiri jua likiwa kali.

Plastiki ya kawaida

Nianze kwa kuitendea haki. Ni nyepesi, ni rahisi, haipati kutu, na ile inayopitisha mwanga inakuonyesha vumbi likizunguka, hivyo unagundua mapema mpira ukiziba au ndoo ikijaa. Kwa kazi yake ya msingi haina upungufu: inakamata sehemu kubwa sana ya vumbi kabla halijafika kwenye chujio la mashine. Chujio linadumu, nguvu ya kuvuta haipungui, na mapafu yako yanapumzika. Hilo la mapafu si dogo. Tangu 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kama uwezo wako wa sasa unafika kwenye saikloni ya plastiki tu, inunue. Shoti tutaitafutia dawa. Kuvuta unga mwaka mzima ukisubiri fedha za saikloni bora ni hasara kubwa kuliko shoti zote.

Udhaifu wake ni huo tuliousema: kila sehemu ya ukuta inashikilia chaji yake. Utaona pia unga umeng'ang'ania ndani ya koni kama umepakwa gundi, hata ukigonga hauanguki. Huo haupunguzi sana kazi ya saikloni, ila ni alama nzuri. Siku ukiona unga umeganda hivyo, usipeleke kidole kwenye ndoo.

Kuna kitu kimoja cha kushangaza kuhusu plastiki: kwa sababu haipitishi umeme, cheche inayotoka juu yake huchota chaji ya eneo dogo tu lililo karibu na kidole. Eneo la jirani linabaki na chaji yake. Ndiyo sababu unaweza kupigwa mara tatu na ndoo ileile, kila mara mahali tofauti, na ndiyo sababu cheche hizo zina mipaka. Nishati yake haipiti milijouli nne hivi (milijouli ni sehemu ya elfu ya jouli). Shikilia hilo, tutalihitaji tukifika kwenye chuma.

Plastiki iliyofungwa waya au tepu

Hii ndiyo dawa ya kwanza ambayo fundi hujaribu, na mimi nilianza nayo. Zipo namna tatu.

Ya kwanza ni kupitisha waya wa shaba usio na ganda ndani ya mpira na saikloni, ukaungwa kwenye ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini. Siipendekezi. Maranda marefu hunasa kwenye waya, mengine hunasa juu yake, na baada ya siku mbili una kizibo. Halafu waya hunyonya chaji ya pale ulipopita tu. Ukuta wa upande wa pili wa plastiki haujui kama kuna waya.

Ya pili ni kuzungushia waya huo nje, kama mzabibu, kuanzia mwisho wa mpira hadi kwenye ndoo. Hii ni nafuu kwa sababu wewe unagusa nje, na waya uliounganishwa na ardhi hupunguza sana kile kinachoweza kukurukia. Ukizungusha kila baada ya sentimita kumi hivi utaona tofauti siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba mpira unakunjwa na kuburutwa kila siku, na waya hukatika mahali usipopaona.

Ya tatu, ambayo naiona bora kati ya hizi, ni tepu ya alumini ile ya mafundi wa viyoyozi. Paka saikloni na ndoo mistari ya tepu, iwe inagusana yote, kisha unganisha na ethi kwa boliti na waya. Hapa kuna mtego mdogo: gundi ya chini ya tepu nyingi haipitishi umeme. Ukiweka kipande juu ya kipande, vinaonekana vimegusana kumbe gundi imevitenga. Kunja ncha ya kipande cha juu ili alumini iguse alumini, au vifunge pamoja kwa boliti yenye washa.

Kwa saikloni iliyosimama mahali pamoja, tepu na waya wa ethi vinaondoa sehemu kubwa ya shoti. Chaji ya ndani bado ipo, ukifungua ndoo na kuingiza mkono unaweza kuisikia. Kwa mpira unaotembea, njia zote tatu ni za muda.

Wengine hupangusa mpira na ndoo kwa maji ya sabuni. Inafanya kazi siku chache kisha vumbi jipya linaufuta ule utando. Kumwagia maji sakafu asubuhi, kama tunavyofanya uani, nako kunasaidia, maana hewa inayoingia mpirani ni hewa ya karakana hiyohiyo.

Plastiki yenye kaboni

Hapa kiwandani wamechanganya plastiki na kaboni nyeusi au kitu kingine kinachopitisha umeme kidogo. Si kama shaba, na haihitaji kuwa kama shaba. Inatosha chaji iweze kutambaa polepole kutoka kila sehemu ya ukuta hadi kwenye boliti ya ethi. Oneida Air Systems ya New York, Marekani, wanaouza saikloni ndogo ya Dust Deputy inayojulikana sana na maseremala, wana ile ya plastiki ya kawaida na ile ya kuzuia umeme tuli, yaani hii chaji inayorundikana, kwa umbo linalofanana. Festool ya Ujerumani wana CT-VA 20, iliyoundwa ikae juu ya vivuta vumbi vyao, ambavyo mipira yake inapitisha umeme tangu kiwandani. Na masoko ya mtandaoni yamejaa saikloni nyeusi zisizo na jina.

Kwenye hizo zisizo na jina ndipo fundi anapoibiwa, kwa kuwa rangi nyeusi si ushahidi wa chochote. Plastiki ya kawaida ikitiwa rangi inakuwa nyeusi vilevile. Pima. Chukua mita ya fundi umeme inayopima ukinzani hadi megaomu 20 (omu milioni 20) au zaidi, bandika vipande viwili vya alumini vya ukubwa wa sarafu kwenye ukuta wa saikloni, kimoja juu na kingine chini, vibane vizuri, halafu pima kati yake. Mita ikisoma namba yoyote, hata megaomu tano, kaboni ipo. Isiposoma kitu, inawezekana plastiki ni ile inayopitisha kwa shida sana, zaidi ya uwezo wa mita yako, lakini mimi nisingelipia bei ya ziada kwa kitu kisichoonekana kwenye mita.

Ubora wa aina hii ni kwamba haina kazi ya mikono inayolegea. Hakuna tepu ya kubanduka, hakuna waya wa kukatika, na chaji inatoka ndani na nje. Kasoro yake ni bei, na kwamba huoni ndani. Hilo la kutoona ndani limenifanya nijaze ndoo hadi juu zaidi ya mara moja, vumbi likavuka lote kwenda kwenye chujio. Ukinunua ya aina hii, jizoeze kuangalia ndoo kwa saa.

Kasoro nyingine haitokani na saikloni bali na mnunuzi. Anaiweka juu ya ndoo ya plastiki ya kawaida, iliyokuwa ya rangi, anaiunga kwa mpira wa kawaida, halafu anaandika kwamba ametapeliwa. Saikloni ya kaboni iliyozungukwa na vihami pande zote ni kisiwa. Inakusanya chaji na haina pa kuipeleka.

Bati na chuma

Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati ambayo seremala wa Ulaya hana. Gerezani pale Dar es Salaam, na Kamukunji kule Nairobi, kuna mafundi bati wanaokunja masanduku, majiko na mifereji tangu tuzaliwe. Koni kwao si kitu cha ajabu. Ukiwapelekea vipimo watakutolea saikloni ya bati lenye zinki kwa mikono yao.

Vipimo vinavyotumika sana vinaanzia kwenye kipenyo cha mwili. Sehemu ya juu iliyonyooka iwe na urefu wa mara moja na nusu ya kipenyo, koni iwe mara mbili na nusu. Kwa mwili wa milimita 150, hiyo ni milimita 225 juu na 375 za koni. Bomba la kutokea hewa lililo katikati liwe nusu ya kipenyo, yaani milimita 75, na lizame ndani kiasi cha milimita 75. Mlango wa kuingilia ni mstatili wa milimita 75 kwa 30, ubavuni kabisa, ili vumbi liingie likifuata ukuta. Eneo la mlango huo linakaribia eneo la mpira wa milimita 50, kwa hiyo hewa haibanwi. Tundu la chini, milimita 55 hadi 60. Mwambie fundi maungio ya ndani yafuate mwelekeo wa mzunguko na yasiwe na mdomo, na azibe kila tundu. Saikloni inayovuja hewa chini, pale inapokaa kwenye pipa, hairuhusu vumbi lishuke. Linarushwa juu tena.

Bati likiunganishwa na ardhi hakuna plastiki inayolifikia. Chaji inaondoka mara tu inapozaliwa, ukuta haugandi unga, na hakuna shoti. Cheche ya moto ikiingia kwa bahati mbaya, bati haliyeyuki.

Bati *lisilounganishwa* na ardhi ni jambo lingine, na hapa ndipo nataka usome polepole. Pipa la chuma lililowekwa juu ya kigari chenye matairi ya plastiki, likaunganishwa kwa mpira wa plastiki, ni baya kuliko ndoo ya plastiki. Nilisema plastiki hutoa chaji ya eneo dogo kwa kila cheche. Chuma hutoa yote kwa mkupuo, kwa sababu chaji ya pipa zima inaweza kukimbilia kwenye ncha ya kidole chako. Fundi aliyekimbia shoti za ndoo akanunua pipa la chuma bila kulifunga waya wa ethi atajuta siku ya kwanza ya upepo mkavu.

Mengine ya kuangalia kwenye chuma: rangi ni kihami, kwa hiyo kwaruza hadi uone chuma kabla ya kubana klipu. Sponji au raba iliyowekwa kati ya saikloni na mfuniko ili isivuje nayo ni kihami. Boliti za chuma zinazopita pande zote mbili, zenye washa za meno, ndizo zinazovusha umeme. Na usiweke mfuko wa nailoni ndani ya pipa kwa ajili ya kurahisisha kumwaga. Kwanza utanyonywa juu uzibe saikloni. Pili, plastiki nyembamba iliyolala juu ya chuma chenye ethi inaweza kulimbikiza chaji nyingi sana pande zake mbili, na viwandani shoti za mpangilio wa namna hiyo zinajulikana kuwa kali kuliko zote.

Ubaya wa bati ni uzito, kelele, na kutoona ndani. Kuhusu kubonyea, ndoo ya plastiki na bati jembamba ziko sawa: kivuta vumbi cha karakana kikizibwa mpira kinaweza kufikia mvuto wa kiasi cha kilopaskali 20, na kwa ubavu wa ndoo ya lita 20 hiyo ni kama kilo 200 zikiegemea. Ndoo hukunjika kwa kishindo. Chagua yenye ukuta mnene, au chomeka ndoo mbili moja ndani ya nyingine.

Kwa ufupi wa jicho, ziko hivi:

| Aina | Bila ethi | Ikiwa na ethi | Kinachoisumbua |
|---|---|---|---|
| Plastiki ya kawaida | Shoti nyingi, za eneo dogo | Haibadiliki, plastiki haipitishi | Kiangazi na MDF |
| Plastiki na tepu ya alumini | Mbaya, tepu inakuwa kama chuma kisicho na ethi | Nafuu kubwa upande wa nje | Gundi, kubanduka |
| Plastiki yenye kaboni | Kisiwa, inapiga | Nzuri ndani na nje | Bei, bandia |
| Bati au chuma | Mbaya kuliko zote | Bora kuliko zote | Uzito, rangi, raba za maungio |

Tazama safu ya pili. Bila ethi hakuna hata moja inayokuokoa, na mbili zinakuongezea maumivu.

Mpira kwanza, ethi pili, saikloni mwisho

Kama una fedha ya kununua kitu kimoja mwezi huu, nunua mpira unaopitisha umeme. Mpira ndio mrefu, ndio uliomo mkononi mwako, na sehemu kubwa ya kusugua inatokea humo. Upo uliochanganywa kaboni, na upo wenye waya wa chuma unaozunguka kama springi. Ule wa springi usikudanganye: mara nyingi waya umefunikwa na plastiki na umewekwa kwa ajili ya kuzuia mpira usibonyee. Unasaidia tu ukiuchuna ncha zote mbili na kuziunga kwenye chuma. Tena pima kwa mita, kutoka mwisho hadi mwisho, pamoja na vikombe vya maungio. Nimeona mpira mzuri wa kaboni uliofungwa kikombe cha raba ya kawaida, njia yote ikakatikia hapo.

Sasa ethi. Geuza kivuta vumbi chako uangalie kibandiko. Ukiona alama ya mraba ndani ya mraba, mashine hiyo ina uhami wa tabaka mbili, na waya wake hauna ethi kabisa, hata kama plagi ina miguu mitatu. Vivuta vumbi vingi vya bei ya kawaida viko hivyo. Ni salama kwa umeme wa TANESCO au wa Kenya Power, lakini mpira wako wa kaboni ukiunganishwa hapo haufiki ardhini. Mashine za daraja la juu zinazouzwa na mipira ya kuzuia umeme tuli zina waya wa ethi uliounganishwa na tundu la kuingizia mpira. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kile unacholipia.

Kama mashine yako ni ya mraba ndani ya mraba, vuta waya wako mwenyewe kutoka kwenye boliti ya saikloni au pipa hadi kwenye ethi ya jengo, iliyopimwa na fundi umeme. Karakana nyingi za mabanzi hazina ethi ya kuaminika. Basi gongomelea nondo ardhini, mahali panapopata maji, karibu na bomba la kunawia kwa mfano, na uunge waya hapo.

Hapa kuna habari njema. Umeme tuli hauhitaji ethi ya viwango vya fundi umeme. Mkondo wake ni mdogo mno, wa mikroampia. Mikroampia moja ikipita kwenye ukinzani wa megaomu moja inaacha volti moja tu. Mwongozo wa NFPA 77 wa Marekani, unaohusu umeme tuli, unakubali njia ya hadi megaomu moja. Nondo ya kawaida kwenye udongo wenye unyevu inashinda hapo kwa mbali sana. Lakini nondo hiyo ni ya umeme tuli tu. Isihesabiwe kuwa kinga ya msumeno au randa ikivuja umeme wa njia kuu, na kamwe usiunge waya huu kwenye nyutro.

Na viatu. Kandambili na soli nene za raba zinautenga mwili wako na sakafu, nawe unakuwa ndoo ya pili. Ukishika mpira wa kaboni ulioungwa vizuri, nao unautoa umeme wa mwilini mwako kupitia kiganja.

Vipi kuhusu mlipuko?

Swali hili hutisha watu, na hutumiwa na wauzaji. Mwaka 2012 vinu viwili vya mbao huko British Columbia, Kanada, vililipuka kwa vumbi, kimoja Burns Lake mwezi Januari na kingine Prince George mwezi Aprili, na kila kimoja kiliua watu wawili. Ni mambo ya kweli. Ila vilikuwa vinu vikubwa vyenye vumbi la mbao kavu sana lililotanda kila mahali.

Kwa kivuta vumbi cha karakana hesabu ni nyingine. Unga mwembamba wa mbao kwa kawaida huhitaji makumi ya milijouli ili uwake ukiwa hewani, tena uwe umetanda kwa kiasi cha gramu 40 au zaidi kwa kila mita ya ujazo. Mwili wa mtu wenye volti 10,000 hutoa cheche ya milijouli saba au nane. Kwa unga wa mbao peke yake sina hofu kubwa na cheche ya kidole.

Mvuke wa thina, petroli au asetoni huwaka kwa kiasi cha milijouli moja au chini yake. Cheche hiyohiyo isiyoweza kuwasha mbao inatosha kabisa kwa mvuke. Kwa hiyo usifyonze msasa wa vanishi au sila ambayo haijakauka, usiweke kopo la thina lililo wazi karibu na ndoo, na usipulizie rangi chumba kimoja na kivuta vumbi kinachofanya kazi. Vumbi la alumini nalo lisiingie kabisa kwenye saikloni ya mbao, ya aina yoyote ile.

Moto wa kawaida karakanani hauanzi na umeme tuli. Unaanza pale kijana anapokata nondo kwa grainda na kufagilia cheche kwa kivuta vumbi kilekile chenye unga wa mbao. Kaa dogo linalala ndooni kwa muda wa saa tatu, watu wakiwa wamekwenda kulala. Hapo pipa la bati lina thamani kuliko plastiki zote, na hata hivyo mwaga ndoo nje kila jioni.

Ningenunua nini

Kwa fundi wa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar anayefanya zaidi mbao ngumu na maranda: plastiki ya kawaida, ndoo nzito, na fedha iliyobaki aiweke kwenye chujio zuri na barakoa.

Kwa fundi wa makabati ya MDF mahali pakavu, mwenye mashine inayohamishwa kwa wateja: mpira wa kaboni na saikloni ya kaboni, na ndoo ya kaboni au ya chuma. Ni ghali, lakini haina kitu cha kulegea njiani kwenye bodaboda au pikapu. Asiponunua vyote mara moja, aanze na mpira, na kwa muda atumie saikloni ya plastiki yenye tepu.

Kwa karakana isiyohama, popote ilipo, yenye nafasi ya kugongomelea nondo: bati. Mchoro mkononi, nenda Gerezani au Kamukunji, kaa na fundi mpaka koni ikamilike. Ukirudi, kabla hujapaka rangi, funga boliti ya ethi na upime kwa mita kutoka mdomo wa mpira hadi kwenye nondo. Ukisoma chini ya megaomu moja, washa mashine, piga msasa kipande cha MDF dakika kumi, halafu sogeza mgongo wa mkono, si ncha za vidole, polepole kuelekea kwenye pipa. Malaika zikisimama, kuna pingili imekatika; anza kupima kutoka kwenye kikombe cha mpira.